Yoyo ipimwe kwa mfuko wa mtoto, si kwa mfuko wa koti lako

Wengi wanaosimama kwenye kibanda changu hapa Malukhu, Mbale, huuliza ile kaptula ya shule iliyotundikwa kwenye msumari inauzwa kiasi gani. Haiuzwi. Ni kaptula ya mtoto wa darasa la tatu, imechakaa, na ni kifaa changu cha kazi kama vile mizani ilivyo kifaa cha muuza maharage. Ninapokwenda kununua yoyo kwa bei ya jumla huikunja nikaitia mkobani. Nikifika naitoa, natumbukiza yoyo mfukoni, kisha naitikisa kaptula jinsi inavyotikisika mtoto anapokimbilia kengele ya shule. Yoyo ikiingia bila kusukumwa, na isiporuka nje, tunaanza kuzungumza bei. Isipoingia, namshukuru mwenye duka na kwenda duka la pili.

Wenzangu hunicheka. Wanaamini yoyo ni yoyo, na kwamba atakayepata faida ni yule aliyenunua kwa bei ya chini kabisa. Nami niliamini hivyo hivyo mpaka imani hiyo iliponila mtaji. Leo nataka kuwaeleza ndugu zangu tunaovuka Malaba, Busia na Lwakhakha kwa nini naona ukubwa wa mfuko ni jambo la kwanza kuangalia katika kuchagua yoyo, na kwa nini mfuko ni jambo la mwisho kutegemea wakati wa kuvusha yoyo hizo mpaka.

Nianze na hasara yangu. Muhula mmoja nilinunua grosi moja, yaani yoyo 144, za plastiki, nene, zenye taa ndani. Bei ilikuwa nzuri na taa zilimetameta. Niliweka humo pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya shule, nikijua kwamba wiki mbili zikipita itarudi na nyongeza. Siku tatu za kwanza ziliuzwa vizuri. Siku ya nne zikasimama. Sikuelewa, kwa sababu watoto walikuwa bado wanakuja kuziangalia, wanazishika, wanawasha taa, kisha wanaziacha.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja aliyekuja amemshika mwanawe mkono. Mfuko wa kaptula ya mtoto ulikuwa umechanika hadi pindo. "Dada," akaniambia, "hii kitu imemchania mfuko mara mbili, na mara mbili nimeshona. Sitaki unirudishie pesa. Nataka tu uichukue." Niliichukua, na pesa nikamrudishia. Kisha nikaingiza mkono wangu kwenye ule mfuko uliochanika na kuelewa mambo yote. Yoyo ilikuwa na upana wa ngumi ya mtoto. Hakuna mfuko wa sare ya shule ya msingi ulioshonwa kwa ajili ya ngumi.

Baada ya hapo nilianza kuangalia kile ambacho nilipaswa kuangalia kabla ya kununua. Yoyo isiyoingia mfukoni hubebwa mkononi, na cha mkononi mwalimu hukiona kabla mtoto hajafika darasani. Ikishachukuliwa na mwalimu, imekwenda. Mtoto mwingine, kwa kuogopa hilo, huiacha nyumbani, na iliyoachwa nyumbani haichezwi. Isiyochezwa haionwi na watoto wengine. Lakini ile ndogo inayolala mfukoni hutolewa saa ya mapumziko chini ya mwembe, ikashuka na kupanda, watoto kumi wakaizunguka, na jioni wawili au watatu kati yao wako kibandani kwangu wameshika sarafu. Mfuko wa mtoto ndio tangazo letu sisi tusio na pesa za redio.

Jambo hili si geni duniani. Mfilipino mmoja aliyeitwa Pedro Flores alianzisha kiwanda cha yoyo huko Santa Barbara, California, mwaka 1928. Donald Duncan akanunua biashara hiyo baada ya muda mfupi na kuieneza Marekani nzima. Walichofanya ni kutuma mafundi wa kucheza yoyo, wengi wao Wafilipino, wasimame mbele ya maduka na karibu na shule, watoe yoyo na kuonyesha. Watoto waliona, wakataka. Sisi hatuna uwezo wa kuwalipa waonyeshaji, lakini kila mteja wetu mdogo ni mwonyeshaji, mradi bidhaa iwe naye pale alipo.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana maneno bila rula hayamsaidii mnunuzi. Yoyo nyingi zilizotengenezwa vizuri zina kipenyo cha kati ya milimita 54 na 58. Kipenyo hicho kikiwa peke yake hakimsumbui mtoto. Kinachomsumbua ni unene, yaani umbali kutoka uso mmoja hadi uso wa pili. Lile umbo la zamani, ambalo kingo zake zimeviringika kama biskuti mbili zilizogusanishwa, huwa jembamba na huteleza mfukoni. Umbo la kipepeo, lililopanuka kuelekea nje, huwa nene zaidi na kingo zake hukwama kwenye kitambaa. Umbo hilo lina sababu yake: mchezaji anayetaka kuidaka yoyo juu ya uzi hupata nafasi pana ya kulengea. Lakini mtoto wa Malukhu au wa Chwele anayeanza anataka ishuke na irudi mkononi. Huyo humfaa ile nyembamba. Kwangu mimi kipenyo kisizidi milimita 58 na unene usizidi milimita 38, na hata hapo kaptula ndiyo inayoamua.

Kuna watakaoniuliza: basi kwa nini tusinunue ndogo kabisa, za milimita 40, tukamaliza ubishi? Hapa ndipo mfuko unapokoma kuwa hakimu. Yoyo huzunguka kwa muda mrefu kwa sababu uzito wake uko mbali na kijiti cha katikati. Ukiipunguza sana, uzito unasogea katikati, nayo inazunguka kidogo na kufa chini ya uzi kabla mtoto hajaivuta. Mtoto akijaribu mara ishirini isirudi, haisemi vibaya yoyo, anajisema vibaya mwenyewe, na hanunui tena. Nimewahi kuuza hizo ndogo. Ziliingia kwenye kila mfuko na hazikurudi kwenye mkono wowote. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kwanza iingie mfukoni, halafu iwe kubwa kiasi mfuko unavyoruhusu.

Pia angalia vifuniko vya pembeni kwenye zile za plastiki. Vikibanduka kwa kucha, usinunue. Mtoto mdogo wa nyumbani atakiokota kile kifuniko na kukitia mdomoni. Mimi simuuzii mzazi anayetaka yoyo ya mtoto wa chini ya miaka mitatu, hata akinibembeleza. Uzi nao ni hatari shingoni kwa mtoto wa umri huo.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wauzaji tumelifumbia macho. Wasichana. Gauni nyingi za shule huku kwetu hazina mfuko, na zenye mfuko zina kile cha pambo kisichobeba hata leso. Nusu ya wateja tunaowatarajia hawana pa kuweka bidhaa yetu. Kwa muda mrefu nilisikia wauzaji wakisema yoyo ni mchezo wa wavulana. Si kweli. Nilipoanza kuuza kila yoyo pamoja na kifuko kidogo cha kitenge chenye kamba ya kufungia kiunoni, wasichana walianza kuja. Vipande vya kitenge navipata kwa mafundi cherehani, vilivyobaki. Gharama yake ni ndogo, na mteja aliyesahauliwa amepatikana. Mfuko usipokuwepo, muuzaji anaweza kuuleta.

Mteja mwambie pia jinsi ya kuibeba, kwa sababu yoyo iliyoharibikia mfukoni hulaumiwa aliyeiuza. Uzi uviringishwe wote kabla ya kuitia mfukoni, la sivyo utajifunga na funguo na ganda la karanga. Isiwekwe pamoja na sarafu, maana kingo zikichubuka zitakata uzi. Zile zenye beringi ndani hazipendi vumbi, na mfuko wa mtoto una vumbi la uwanja mzima. Kwa barabara zetu za murram naona ya kijiti cha kawaida inadumu zaidi. Na uzi upimwe kwa mwenyewe: simamisha yoyo sakafuni mbele yake, kata uzi unapofika kitovuni, ukiacha kidogo cha kufungia kitanzi cha kidole. Uzi mrefu kupita kiasi hufanya yoyo nzuri ionekane mbovu.

Kwa mfanyabiashara, udogo una faida ya pili, nayo ni nauli. Chukua boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Yoyo za kipenyo cha milimita 55 na unene wa milimita 35, zikipangwa vizuri bila pakiti, zinaingia 10 kwa 7 kwa tabaka 11. Hizo ni 770. Zile nene nilizoliwa nazo, za milimita 65 kwa 45, zinaingia 9 kwa 6 kwa tabaka 8, yaani 432. Boksi ni lile lile, nauli ya matatu ni ile ile, na nafasi kwenye bodaboda ni ile ile, lakini umebeba zaidi kidogo tu ya nusu. Ila tahadhari: 770 zenye gramu 60 kila moja ni kilo 46. Gawa kwenye maboksi mawili, usimvunje mgongo mpakizi.

Hapa sasa ndipo panapoanza kishawishi, na ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Kitu kinachoingia mfukoni mwa mtoto kinaingia pia mfukoni mwa mkubwa. Tukishika bidhaa ndogo, kalamu, gololi, betri, yoyo, tunaanza kuhesabu mifuko ya koti badala ya kuhesabu faida. Tunasema, "Hizi kidogo tu, nani atajua?"

Nilifanya hivyo. Nilikuwa na yoyo za mbao dazeni nne, za kupeleka upande wa Bungoma. Nilivaa koti refu, nikazigawa kwenye mifuko ya nje na ya ndani, nikaepuka kituo cha Lwakhakha na kushuka kwa njia ya panya mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu Elgoni na maji yalikuwa juu kuliko nilivyozoea. Niliteleza. Sikuzama, namshukuru Mungu, lakini koti lililojaa mbao na maji ni mzigo usioutaka ukiwa katikati ya mto. Nilipotoka ng'ambo nilimkuta mwanamume aliyejiita ofisa. Hakuwa na sare wala kitambulisho. Alitaka pesa, nami nikampa, kwa sababu ningemshtaki kwa nani? Mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha. Nilipofika sokoni mbao zilikuwa zimevimba, rangi imechuja, nyuzi zimekaza. Dazeni mbili nilizitupa.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Yoyo zile zilikuwa zimetengenezwa na fundi wa hapa hapa Mbale, kwa mti wa hapa hapa. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Afrika Mashariki ilitiwa saini mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Chini yake upo utaratibu rahisi wa biashara kwa sisi wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wenye bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na afisa wa forodha, bila malipo, na haulipishwi ushuru wa forodha. Dazeni nne za yoyo hazikaribii hata kidogo kiwango hicho. Nilihatarisha maisha na kumlipa mtu nisiyemjua, huku sijawahi hata kusimama dirishani kuuliza kama mzigo wangu ungepita bure.

Tusidanganyane, cheti hicho si dawa ya kila kitu. Hakiondoi kila kodi wala kibali kingine kinachohitajika. Hakiwezi kuombwa kwa yoyo ya plastiki iliyotoka China, hata kama uliinunua Kampala na una risiti ya Kampala, kwa sababu uasili ni mahali kitu kilipotengenezwa, si mahali ulipokinunulia. Na kabla ya kupakia, nenda dirishani na sampuli moja mkononi, uliza kama bidhaa yako imo kwenye orodha na itaandikwa kwa jina gani. Busia na Malaba tuna vituo vya pamoja ambako maafisa wa nchi zote mbili wako mahali pamoja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Uganda na Kenya mwezi Februari 2018. Vilijengwa ili mtu asimame mara moja badala ya mara mbili. Tukiendelea kupita mtoni, vinabaki kuwa vya malori peke yake.

Na mtu asikuambie kwamba kilichomo mfukoni ni mzigo binafsi. Mzigo binafsi ni kile unachotumia mwenyewe. Mtu mzima mwenye yoyo 48 hajifunzi kucheza.

Mamlaka nazo zina deni kwetu. Orodha ya bidhaa zinazokubaliwa ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuisoma akiwa kwenye foleni. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Basi na kianze kazi pale kinapohitajika kila siku. Ng'ambo ya Lwakhakha Wabukusu na sisi huku Wagisu tunaelewana hata kabla ya Kiswahili. Watu wanaoelewana hivyo hawapaswi kukutana vichakani.

Ombi langu la mwisho ni kwa mafundi seremala wenye mashine za kukereza. Mbao mnazotupa baada ya kukereza miguu ya viti na vitanda zinatosha kutengeneza yoyo. Zikerezwe kwa kipimo kimoja, kipenyo milimita 55, unene 35, kingo zilizolainishwa kwa msasa, pande mbili zenye uzito sawa, kwa sababu upande mmoja ukizidi yoyo huyumba na kupinda uzi. Zipakwe vanishi vizuri ili jasho na mvua visizivimbishe. Yoyo kama hiyo inaingia kwenye mfuko wa mtoto wa Mbale, wa Jinja na wa Kitale, na kwa sababu imezaliwa hapa, ina haki ya kuomba kile cheti ambacho ya plastiki haiwezi kukiomba. Sisi wauzaji tutawapa soko tukijua kipimo hakibadiliki kila wiki.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaonicheka ni kwamba ndiyo, mfuko ni muhimu. Mfuko wa mtoto unatuambia nini tununue, na tusipousikiliza utachanika na kutuchania mtaji. Mfuko wa koti letu hautuambii lolote kuhusu biashara. Hautoi cheti, haukulindi kwa mtu wa kichakani, na haujui kuogelea.

Kaptula yangu bado iko msumarini. Anayekwenda kununua yoyo kwa jumla na angependa kuiazima, aje Malukhu, nitampa. Ila airudishe kabla muhula haujafunguliwa.